Mume wangu baharia, akirudi ni kulala tu

SWALI: Shikamoo mjibu maswali. Mie nipo Ngamiani hapa Tanga, mume wangu baharia kwenye meli ya abiria na magari ya kwenda Pemba. Akishuka ni kulala mpaka alasiri, hata mtoto kumpeleka kliniki hataki, eti kachoka. Kachoka nini jamani mana nilimuona bandarini kasimama anapunga mkono magari yaingie, basi. Ananizuga?

JIBU: Marahaba dada yangu, hakuzugi. Nimeifanya kazi hiyo mwenyewe. Huko kupunga mkono ndo anapanga uzito, fuso la simenti likae katikati, vigari vidogo vigawanyike huku na huku, mana uzito ukielemea upande mmoja meli inaondoka imeshainama kabla haijakutana na wimbi hata moja. Kisha anainama gari moja moja, kabari kwenye tairi, mnyororo, kaza, na humo ndani joto na moshi na sakafu inateleza mafuta. Sasa njoo msimu wa kusi, upepo unatoka kusini nyie mnakata kwenda mashariki, mawimbi yanapiga ubavuni njia nzima, abiria juu wanatapika na yeye yuko chini anakaza tena minyororo iliyolegea.

Halafu kuna mlango wa magari, na hapa ndo nataka unisikilize sana. Mwezi wa 3 mwaka 1987 meli ya Waingereza, Herald of Free Enterprise, ilitoka bandari ya Zeebrugge kule Ubelgiji mlango wa mbele uko wazi. Baharia wa kuufunga alikuwa kalala chumbani kwake, wito wa kuondoka haukumwamsha, na hakuna mwenzie aliyekwenda kuhakikisha. Sitaha ya magari ni ukumbi mmoja mpana hauna kuta za kati, maji yakiingia yanakimbilia upande mmoja yote kwa mpigo, basi dakika chache tu ikalala ubavu, watu 193 wakafa. Usingizi wa mtu mmoja dada.

Kwa hiyo siku anayoshuka mwache alale, zuia watoto wasimpigie kelele. Kliniki mpangie siku ya pili ya mapumziko yake, na hiyo akiikataa hapo ana makosa, mwambie nimesema mie.