Mama Kapewa Insulini Baada ya Upasuaji wa Moyo? Tulieni

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Mama yake kabadilishiwa valvu, yuko ICU, kaunganishiwa pampu ya insulini wakati hajawahi kuugua kisukari. "Kaka, wamemharibu?"

Hawajamharibu, mdogo wangu. Hata mimi niliyapitia hayo. Bado nina mirija kifuani, shangazi yangu akatangaza kwenye grupu la ukoo kwamba nimepelekwa kutibiwa moyo nikarudishwa na kisukari. Watu wakaanza kutuma pole! Nilipopona nikapima, sukari safi kabisa, nikalirusha jibu humohumo. Hakuna aliyeomba radhi, na sijasahau.

Iko hivi. Kifua kikipasuliwa, mwili unamwaga adrenalini na kortisoli, homoni za msukosuko, ini linaachia sukari, na insulini yako mwenyewe inazidiwa. Sukari hupanda hata kwa asiye na kisukari. Ikiachwa juu, kidonda kinashambuliwa na vijidudu kirahisi. Na moyo wenyewe, ambao siku zote hutumia zaidi mafuta, ukipungukiwa oksijeni unanufaika na sukari, kwani kwa oksijeni ileile sukari hutoa nguvu zaidi. Ndiyo maana mwaka 1962 Dkt. Demetrio Sodi-Pallares wa Mexico aliandika kuhusu dripu ya glukosi, insulini na madini ya potasiamu kwa wagonjwa wa moyo. Mabingwa wanaibishania mpaka leo.

Potasiamu hiyohiyo ikiwa nyingi ndiyo huusimamisha moyo ili daktari ashone. Baadaye ikipungua, mapigo yanavurugika, basi msigombane na nesi anayechota damu kila mara.

Wengi hulenga sukari isizidi 10 mmol/L. Msimshinikize mtu aishushe zaidi: utafiti mkubwa wa NICE-SUGAR wa 2009 ulionyesha wagonjwa wa ICU waliobanwa sana sukari ishuke walikufa zaidi.

Sasa nyie ndugu. Acheni kubeba soda na makopo ya glukosi kwenda wodini! Mtu anajenga nyama na mfupa, mleteeni mayai, samaki, maharage, vyenye chumvi kidogo. Akiwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiuache mchicha, ale kiasi kilekile kila wiki.

Kuhusu kisukari, ulizeni kama alipimwa HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kabla ya upasuaji. Kama hakupimwa na ameongezewa damu, kipimo hicho kinaweza kudanganya. Subirini miezi mitatu hivi ndipo apimwe.