Mnaotaka kutoka Vietnam kwenda kuona Angkor halafu mrudi Hanoi, someni hapa kabla hamjalipia viza

Mkuu nimesoma post yako vizuri tu mpaka nilipofika pale uliposema "viza ya Vietnam tumeshaambiwa ni dola 25", hapo nikaacha chai yangu mezani. Umesema wewe na rafiki yako mnashuka Hanoi mwezi wa kwanza, mnateremka na treni hadi Ho Chi Minh City, mnavuka Kambodia kuona Angkor Wat, lile hekalu la kale, mnarudi Hanoi kupanda ndege ya nyumbani. Ukauliza nguo za kuingilia mahekaluni, pesa, chakula na laini ya simu. Mimi nina swali moja tu kwako. Hiyo viza ya dola 25 inakuruhusu kuingia Vietnam mara ngapi?

Mara moja! Na wewe kwa ratiba yako unaingia mara mbili.

Mimi na mshkaji wangu, mtu niliyesoma naye toka shule ya msingi, tulifanya safari hiyo hiyo mwezi wa tatu 2024, karibu neno kwa neno kama ulivyoiandika, na huyo aliyekuambia dola 25 anaongea kama yule aliyetuambia sisi. Alikuwa wakala wa safari hapa Dar, ofisi nzuri, kiyoyozi, ramani ya dunia ukutani. Tulimuuliza mbele ya macho yake, tukitoka kwenda Kambodia tukarudi itakuwaje? Akajibu bila hata kufikiri, "Viza ni ya siku 90, mtaingia na kutoka mnavyotaka ilimradi siku hazijaisha." Tukaamini. Tulimlipa hela ya kutujazia fomu ambayo leo najua ningeijaza mwenyewe kwa simu nikiwa kwenye daladala.

Ukweli ni huu. Toka tarehe 15 Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa watu wa nchi zote, na sisi tumo, hadi siku 90. Kwenye fomu kuna sehemu unachagua, kuingia mara moja dola 25, kuingia mara nyingi dola 50. Siku 90 ni muda. Mlango ni habari nyingine kabisa. Ukigongwa muhuri wa kutoka, ile ya mara moja imekufa hapo hapo hata kama umetumia siku 11 na una siku 79 mkononi. Huwezi kuiongezea, huwezi kulipa tofauti ikageuka ya mara nyingi, na hela hairudi, unaomba upya kabisa na unasubiri siku tatu za kazi au zaidi. Ndiyo maana siku hizi nikiona mtu anapanga safari ya nchi mbili tatu namwambia hesabu milango, usihesabu siku. Chukua karatasi, andika kila mara utakayovuka mpaka, halafu ndio ufungue fomu.

Sisi hatukuhesabu. Tulitoka Ho Chi Minh City asubuhi na basi la kwenda Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mpakani Moc Bai konda akakusanya pasi zote za abiria mkononi kama tiketi, viza ya Kambodia ni dola 30 yeye akataka 40 eti ya kuharakisha, tukatoa. Yule askari wa Vietnam akagonga muhuri wa kutoka, hakusema kitu, na kwa nini aseme, si kazi yake kujua kwamba mabegi yetu makubwa tumeyaacha guest house Hanoi.

Angkor nitakwambia kidogo maana ndiko roho yako iliko na sitaki kukutisha usiende. NENDA. Tiketi ya siku moja dola 37, ya siku tatu dola 62, chukua ya siku tatu, siku moja utakimbia tu na jua litakuua. Angkor Wat yenyewe imeelekea magharibi, kwa hiyo alfajiri ukikaa pale kwenye bwawa mbele yake jua linachomoza nyuma ya minara, giza linaondoka polepole na unaona kwanza vivuli, halafu mawe, halafu nakshi. Ilianzwa karne ya 12 kwa ajili ya Vishnu, ikaja kuwa ya Kibudha, na mpaka leo watu wanasali pale, utakutana na watawa wenye mashuka ya rangi ya machungwa wanapita katikati ya watalii. Hekalu la Bayon, huko huko Angkor, lina zile sura kubwa za mawe zinakuangalia kila ukigeuka. Hekalu la Ta Prohm mizizi ya miti imekumbatia kuta mpaka hujui kipi kinamshikilia mwenzake. Mshkaji wangu, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alikaa pale nusu saa kimya.

Mavazi: magoti na mabega yafunikwe, ukienda na kaptura kule juu kabisa Angkor Wat hupandi. Mimi nilikuwa na kikoi begani muda wote, kinafunika, kinafuta jasho, kinakuwa shuka kwenye basi. Wenyewe wana kitambaa chao cha mirabamiraba wanaita krama wanakitumia hivyo hivyo, mama mmoja wa sokoni alikishika kikoi changu akakigeuza kuangalia kilivyofumwa, akanionyesha chake, tukacheka bila lugha.

Sasa Jumamosi. Ndege ya Siem Reap, mji ulio karibu na Angkor, kwenda Hanoi, na Jumatatu usiku ndege ya Hanoi kurudi nyumbani. Uwanja mpya wa Siem Reap uliofunguliwa Oktoba 2023 uko mbali, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, tukatoka mapema sana. Kaunta dada akachukua pasi, akafungua, akaangalia viza, akaangalia muhuri wa Moc Bai, akaangalia tena viza. Akatabasamu. Akaita mwenzake. Mwenzake naye akatabasamu. Akasema viza yenu imeshatumika, hatuwezi kuwapandisha. Tukadhani wanatania! Akatuonyesha kwa kidole kwenye karatasi yetu wenyewe, imeandikwa single, yaani kuingia mara moja. Ilikuwa imeandikwa pale wiki zote hizo, kwenye karatasi tuliyoikunja wenyewe.

Hapa ndipo tulipoharibu mara ya pili, na hili hakuna wakala wa kumsingizia. Mshkaji akapandisha sauti. Sisi huku ukiona huduma haiendi unaongea kwa nguvu kidogo, unamtaka bosi, watu wanasogea, mara nyingi jambo linapata njia. Kule alipopaza sauti wale dada waliendelea kutabasamu na yeye akaona wanamcheka, akazidi. Hawakuwa wanacheka. Kwa Wakambodia, na majirani zao wengi wa ukanda ule, mtu anaweza kutabasamu akiwa ameona aibu, au amebanwa, au anataka kukupa nafasi ushuke taratibu bila kuumbuka. Ukifoka umejivunjia heshima wewe na umemvunjia yeye mbele ya wenzake, na baada ya hapo hata yule aliyetaka kukusaidia anaangalia chini. Nilimwona kabisa yule dada wa kwanza. Mwanzo alikuwa ameshika simu anauliza mahali kwa niaba yetu. Baada ya kelele akaiweka chini, akasema pole, basi. Sijui kama ile simu ingetusaidia, ila mpaka leo naiwaza.

Tukapiga simu Dar. Wakala alipokea mara moja, akasikia, akasema atatupigia. Hakupiga. Usiku akaandika WhatsApp "hilo ni suala la uhamiaji wa huko." Ndugu yangu, uhamiaji wa huko walikuwa wameandika kila kitu kwenye karatasi! Yeye ndiye aliyechagua kile kiboksi kwenye fomu, yeye ndiye aliyeulizwa swali lile lile na akajibu kwa uhakika jambo asilolijua. Angesema tu sijui, ngoja niulize, tungemsamehe na tungesubiri. Mtu anayekula hela ya watu kwa kazi ya karatasi halafu hasomi karatasi, mimi hasira zangu kwake hazijaisha na sizifichi.

Kuomba viza mpya Jumamosi maana yake jibu mapema kabisa ni Jumatano, ndege yetu Jumatatu. Kuna watu mtandaoni walisema wanaweza kuiharakisha kwa dola 180 kila mtu, tutume kwanza, tukaogopa. Bangkok ni karibu lakini Thailand nayo inatudai viza. Tulichokumbuka saa tano usiku tumekaa kwenye ngazi za hosteli ni kwamba pasi ya Tanzania inaingia Malaysia bila viza. Ndiyo ikawa njia. Tukajaza ile fomu yao ya mtandaoni ya kuwasili, tukaruka Kuala Lumpur, na pale waliuliza kadi ya homa ya manjano kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo msiache hiyo kadi nyumbani, na kama hujachanjwa nenda sasa maana inaanza kuhesabika baada ya siku 10. Kuala Lumpur tukanunua tiketi ya kwenda tu mpaka Dar.

Hesabu kwa kila mmoja wetu: ndege ya Hanoi iliyopotea dola 96, ya Kuala Lumpur 121, ya kurudi nyumbani 640, kulala 18. Jumla 875, wawili 1,750. Na tiketi ya Jumatatu ya kutoka Hanoi ilikufa kwa kutotokea, hiyo sijaiweka. Yote kwa sababu ya dola 25 ambazo hatukuombwa hata kuziongeza! Mimi na mshkaji hatukuongea kutoka Kuala Lumpur mpaka tunatua. Yeye alinilaumu nilimleta kwa yule wakala, mimi nikamlaumu kelele za kaunta. Urafiki wa miaka 20 ulitikiswa na kiboksi kimoja kwenye fomu, tulikaa karibu miezi saba hatujapigiana simu.

Kilichotupatanisha ni mabegi. Yule mama mwenye guest house Hanoi, siku ya kwanza kabisa alituuliza umri wetu kabla ya majina. Mshkaji akanong'ona huyu mbona mmbea. Kumbe kwa Kivietnamu huwezi kumwita mtu vizuri mpaka ujue ni mkubwa au mdogo kwako, wanaitana kaka, dada, mdogo wangu, shangazi, hata na mgeni wa barabarani. Sisi tuliokuzwa na shikamoo tunaelewa hiyo bila kufundishwa. Akatuita em, wadogo zake, tukamwita chị, dada. Tulipomwandikia kuhusu mabegi akajibu "wadogo zangu msijali". Aliyatunza miezi saba bila senti mpaka kijana wa Kitanzania anayesoma kule alipokuwa anarudi likizo akatubebea. Ndani alikuwa ameongeza paketi mbili za kahawa. Nilimpigia mshkaji siku hiyo hiyo aje achukue lake.

Mengine haraka haraka. Kambodia dola zinapokelewa kila mahali ila noti ikichanika hata kidogo wanakurudishia, nenda na safi. Vietnam angalia noti ya 20,000 na ya 500,000, zote zina ubuluubulu, usiku zinafanana. Kuvuka barabara Hanoi usikimbie wala usirudi nyuma, tembea taratibu mwendo mmoja, pikipiki zitakukwepa zenyewe. Laini ya simu na chakula wengine watakujibu.

Ila kabla ya yote hayo fungua fomu leo, nenda kwenye kile kiboksi, na kabla hujabonyeza kulipa uje hapa uniandikie umechagua ipi. Na rafiki yako afungue ya kwake aangalie mwenyewe, msiangaliane kwa imani.