Bibi harusi haipendi picha yake, nduguze wanaisifu: kosa ni la nani?

SWALI: Nina studio ya picha Ngamiani, Tanga. Mara nyingi bibi harusi huniambia kwamba uso wake umetoka umepinda, ilhali mama yake na mawifi wanaisifu picha hiyo hiyo. Je, tatizo ni lenzi, taa, au macho ya mteja?

JIBU: Kwa maelezo yako, taa sioni sababu ya kuilaumu. Mteja wako ameuzoea uso wake kupitia kioo, ambacho hubadilisha kushoto na kulia, na kwa kuwa hakuna uso uliolingana kabisa pande zote mbili, nyusi aliyozoea kuiona imepanda upande mmoja huikuta pichani imehamia upande wa pili, akahisi kasoro asiyoweza kuitaja. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Mita, Dermer na Knight, waliwaonyesha wanawake picha zao za kawaida na zilizogeuzwa kushoto kulia kama kwenye kioo: wenyewe walielekea kupenda zilizogeuzwa, marafiki zao wakapenda za kawaida. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alikwisha kuonyesha mwaka 1968 kwamba kukiona kitu mara kwa mara kunatosha kutufanya tukipende.

Mazoea hayo hayaishii kwenye uso wetu wenyewe. Nyuso za wastani, zinazotengenezwa kwa kuunganisha picha za watu wengi, kwa kawaida huonekana nzuri. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliowahusisha Wahadzabe wa hapa kwetu Tanzania, ulikuta kwamba wao walipendelea wastani wa nyuso za Kihadzabe, wala hawakuonyesha upendeleo huo kwa nyuso za Wazungu, ambazo hawakuwa wamezizoea. Mimi huuthamini utafiti huu kuliko mingi inayotegemea wanafunzi wa vyuo vikuu peke yao.

Lenzi inaweza kuwa na lawama iwapo unapiga kwa karibu mno. Katika umbali wa sentimita 30 pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko katika mita moja na nusu. Basi rudi nyuma, kisha uvute kwa lenzi.

Ukitaka uhakika, igeuze picha kwenye kompyuta, umwonyeshe mteja zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Akichagua iliyogeuzwa, mweleze sababu, ila usiisafishe kwa ajili ya albamu: pete itakuwa imehamia mkono mwingine, na mawifi hawatakosa kuliona hilo.