Opera ya Kiswidi inasikika chini mno: CD mbovu au sabufa?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mwanza. Mgeni wetu kutoka Uswidi aliniachia kasha la CD mbili, opera iitwayo *Den bergtagna* ya Ivar Hallström. Nimeikopi kwenye flashi kwa MP3. Sauti iko chini mpaka nafungulia sabufa karibu mwisho, halafu kwaya ikiingia inapasuka. Tena kila wimbo ukiisha kuna kimya kidogo kinachokata muziki, ilhali nikiicheza CD yenyewe hakipo. Kijana anayeniuzia nyimbo anasema niipitishe kwenye programu ya kukuza sauti. Nikubali?

Jibu: Nzuri, Mwalimu. Usikubali, walau si kwa nakala yako kuu. CD ni nzima. Hicho unachokiona kama kasoro ndivyo ilivyotengenezwa.

Kwanza hongera, hiyo si kazi ya kuokota dukani. Ilionyeshwa mara ya kwanza Stockholm mwaka 1874, maneno yakiwa ya Frans Hedberg, na imetoka kwenye wimbo wa kale wa Waswidi: msichana anakwenda ibada ya alfajiri, njia inapita kando ya mlima, mfalme wa mlimani anamchukua na kumweka ndani miaka minane, anamzalia watoto. Jina lenyewe maana yake ni "aliyechukuliwa na mlima". Kwetu tungesema kachukuliwa na majini. Leo Waswidi hulitumia neno hilo hata kwa mtu aliyeduwazwa na uzuri wa kitu.

Sasa twende kwenye mitambo. Fungua faili lako kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti, uliweke juu ya wimbo wa bongo fleva. Wa bongo fleva utauona kama tofali, umejaa toka mwanzo hadi mwisho. Opera itaonekana kama mgongo wa samaki: hapa mwembamba kama uzi, pale miiba imechomoza mpaka juu kabisa. CD hubeba tofauti ya takriban desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya kinachosikika kwa shida na mlio mkubwa kuliko yote. Studio zetu hutumia desibeli chache za juu tu, kwa sababu wimbo lazima usikike ndani ya daladala. Anayerekodi opera huwaza mtu aliyekaa sebuleni, madirisha yamefungwa. Anapima pale orkestra na kwaya wanapopiga kwa nguvu zote, anapaachia nafasi, na mwimbaji wa peke yake anabaki chini huko huko.

Kwa hiyo kuinua faili lote hakusaidii kitu, maana ile miiba tayari imegusa dari. Programu ya huyo kijana haiinui, inabana: inakandamiza kwaya, kisha inavuta kila kitu juu. Niliwahi kuifanyia hivyo kwaya moja nilipokuwa bado mwanafunzi wa kazi hii. Pumzi za mwimbaji zikawa kubwa kama sauti yake, na kiti kilicholia nyuma kikawa kana kwamba kimo kwenye mpango wa nyimbo. Sikulipwa, na walikuwa na haki.

Kupasuka hakutoki kwenye CD, kunatoka kwenye sabufa. Rudisha kitufe cha besi katikati, au chini kidogo, kwa sababu besi iliyozidishwa humaliza nguvu ya amplifaya kabla kwaya haijafika. Kisha anza kinyume na ulivyozoea: tafuta mahali penye kelele kuliko pote, weka sauti pale unapoweza kuvumilia bila kupasuka, ndipo urudi mwanzo. Ukishapanga usiguse tena. Mwanzo utakuwa chini, ndiyo, kwa hiyo zima feni na usogeze kiti.

Kile kimya cha katikati ni kosa la MP3. Kwenye CD, namba ya wimbo ni alama tu ya mahali, muziki wenyewe unapita bila kusimama. Lakini MP3 hufunga sauti kwa mafungu ya sampuli 1,152 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti), na sekunde moja ya CD ina sampuli 44,100. Ni kama kupanga mayai kwenye trei: trei la mwisho halijai, na nafasi zilizobaki mashine inazijaza ukimya. Mwanzoni mwa faili nako huongeza kidogo. Kwenye albamu ya kawaida hutambui. Kwenye opera, ambako noti ya wimbo wa tatu inaingia moja kwa moja kwenye wa nne, utakisikia kimya hicho kila mara.

Dawa ni kukopi upya. Kwenye kompyuta ya Windows tumia programu ya kukopi CD iitwayo Exact Audio Copy, ni ya bure, uhifadhi kwa FLAC, aina ya faili la sauti kama MP3 ilivyo. CD hula megabaiti kama 10 kwa dakika, FLAC hupunguza hadi karibu nusu bila kupoteza hata chembe ya sauti. Kama sabufa yako haisomi FLAC, na nyingi za bei nafuu hazisomi, basi kopi kila CD kama faili moja refu la MP3. Hutaweza kuruka kutoka wimbo hadi wimbo, lakini hakuna kitakachokatika. Kwenye simu, ukikuta mpangilio wa kusawazisha ukubwa wa sauti, chagua wa albamu nzima. Wa wimbo mmoja mmoja utamfanya msichana wa peke yake alingane na kwaya nzima.

Ukitaka nakala ya safarini, hapo ndipo kubana kunaruhusiwa. Bana kidogo, mbili kwa moja inatosha (yaani sauti ikizidi kiwango ulichoweka kwa desibeli mbili, itoke imezidi kwa moja), na uipe faili jina jingine ili siku moja usije ukafuta ile halisi. Kabla ya yote futa CD kwa kitambaa laini, ukitoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe mkono kama unayefuta sahani.