Riwaya ya msiba inachosha katikati? Usihamishe kifo, weka kalenda

Mleta uzi, umesema una muswada wa maneno 40,000: ndugu watatu wa Tanga, kaka wawili na dada mmoja, wanafiwa na baba yao sura ya kwanza. Wasomaji wako wa majaribio wameishia sura ya 6 wakilalamika kwamba "watu wanalia tu", na unauliza kama ukipeleka kifo mwishoni mambo yatakaa sawa. Hayatakaa. Kifo kikienda mwishoni utakuwa unaandika riwaya ya ugonjwa, na hiyo ni kazi nyingine yenye matatizo yake.

Huzuni peke yake haisukumi hadithi. Aliyefiwa ana huzuni leo, wiki ijayo anayo, baada ya miezi 3 bado anayo, kwa hiyo sura ya 6 inageuka nakala ya sura ya 2. Kinachosukuma ni maamuzi yanayowadai watu ambao kwa wakati huo hawana nguvu ya kuamua lolote: nani analala kwa mama, funguo zinakaa kwa nani, kodi ya fremu anaipokea nani. Maamuzi hayo yana tarehe. Kabla hujagusa sentensi hata moja, andika kalenda ya msiba wenyewe.

Kwa familia ya Kiislamu kama hiyo yako, kalenda ipo tayari. Mazishi siku ileile au kesho yake, matanga siku 3, hitima, arobaini. Mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10, na hiyo ni miezi ya mwandamo, usiihesabu kwa kalenda ya ukutani. Angekuwa mjamzito, eda ingeisha siku anayojifungua. Sambamba na hayo inaanza mirathi: kikao cha ukoo kinapendekeza msimamizi, muhtasari unaandikwa na kusainiwa, shauri linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imwongezee muda. (Anayeandika habari za Kenya, kwa shauri la Mahakama Kuu, ana barua ya chifu, tangazo kwenye Gazeti Rasmi lenye siku 30 za pingamizi, na kwa kawaida miezi 6 kabla hati haijathibitishwa.)

Waandishi wengi huruka sehemu hii wakiiona ukarani. Mimi naona humo ndimo riwaya ilimo. Tazama eda na kikao cha ukoo vinavyogongana: mama yuko ndani, hatoki, na sebuleni wanaume wanajadili nyumba anayoishi. Una mgogoro tayari na hujabuni mtu mbaya hata mmoja.

Halafu fanya hesabu, usiseme tu "waligombea mali". Tuchukulie wazazi wa marehemu hawapo tena. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto anapata 1/8, na kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Igawe nyumba mafungu 40: mama 5, dada 7, kila kaka 14. Mama aliyeishi humo tangu siku ya harusi ana fungu dogo kuliko binti yake, na binti ana nusu ya kaka yake. Wajane wakiwa wawili, ile 1/8 haiongezeki, wanagawana hiyohiyo. Msomaji akiziona namba hizi kwenye karatasi iliyolazwa mezani, hutahitaji kumliza mtu ukurasa huo. Na kwa kuwa nyumba ni moja, lazima mmoja atatamka "tuuze". Riwaya ikilenga maneno 70,000, neno hilo lisichelewe kupita maneno 28,000. Kwako halijatamkwa mpaka sasa, na nadhani ndiyo maana wamechoka.

Suala la siri. Tamthilia za televisheni zimemchosha yule mke wa pili anayetokea makaburini na watoto wawili mkononi. Ukimhitaji, mlete mapema, msomaji amjue kabla ya mazishi, na swali lako liwe nani kwenye familia alikuwa anajua na akanyamaza. Wasifu wa marehemu unakusaidia sana hapa kama msiba una utaratibu wa kuusoma: kuna mtu aliyeuandika, akaamua nani atajwe na nani aachwe. Mgombanishe huyo na wenzake usiku wa kuamkia mazishi, juu ya mstari mmoja tu wa "ameacha mjane na watoto".

Mfano mzuri wa siri iliyofichwa kwa muda mrefu bila kumchezea msomaji ni Gravel Heart ya Abdulrazak Gurnah (2017). Salim, mtoto wa Unguja, anajua tangu mwanzo kwamba baba yake amehama nyumbani, na yeye ndiye anayempelekea kikapu cha chakula kutoka kwa mama. Tukio liko wazi, sababu ndiyo imefungwa, na baba anaieleza baada ya mama kufariki na Salim kurudi kutoka Uingereza. Kile kikapu kinabeba swali lote: kama waliachana, mbona mama bado anampikia? Tafuta kikapu chako. Kitu kimoja, kionekane mara 3 au 4, na kila mara maana yake iwe imesogea. Daftari la rambirambi linafaa: siku ya kwanza ni orodha ya michango, kwenye arobaini ni ushahidi wa nani hakutoa, kwenye kikao cha mirathi mtu analifungua kuonyesha deni.

Kwa wafiwa wasiofanana, soma Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor. Odidi anapigwa risasi Nairobi mwaka 2007, baba na dada wanapeleka mwili kaskazini, na mama akiona jeneza anaondoka zake badala ya kukaa kuomboleza. Kila mtu ana ugomvi wake na marehemu. Ndugu zako watatu sasa hivi wana huzuni moja iliyogawanywa kwa watu watatu. Mpe kila mmoja jambo alilokuwa anamdai baba, na madai hayo yapingane: alilolitamani kaka mkubwa liwe ndilo lililomkosesha dada.

Kwenye lugha, tafuta ndani ya faili "lia", "machozi", "uchungu" na "moyo". Muswada mzima ubaki na matukio 2 au 3 ya kilio kikubwa, hayo mengine yote yaende. Badala yake tumia kauli za msiba wenyewe. "Kazi ya Mungu haina makosa" ikitamkwa na shangazi aliyegombana na marehemu ni kitu kingine kabisa, na huna haja ya kumfafanulia msomaji. Majibu ya mfiwa yawe mafupi. Watu wa msibani huongea kuhusu sufuria, turubai na nani kaenda kuchukua wageni stendi.

Kumbukumbu za zamani zisizidi ukurasa mmoja kwa mara moja, na zisianze hewani: ziamshwe na kitu kilichoshikwa mkononi. Ukikuta kumbukumbu tatu mfululizo, mbili zinaeleza jambo lilelile. Kata.

Kwa maneno yako 40,000 ningefanya hivi: sura ya 1 ibaki. Sura za 2 hadi 6 zibanwe ziwe mbili, zikomee siku ya tatu matanga yanapoanuliwa. Kikao cha ukoo kiwe sura ya 4, neno "tuuze" sura ya 9 au 10, na eda ya mama iishe robo ya mwisho ya kitabu, ili siku anayotoka akute nyumba imeshawekewa bei. Mwisho usiuamue bado. Andika kwanza mazungumzo ya mama na kaka mkubwa siku hiyo, kurasa 4 au 5, uone nani kati yao anayekataa kukaa.