Maswali Yenu: Mji wa kwenye TV na mji wa nje ya mlango

Mama yetu ana miaka 64, tunaishi naye Mikindani. Tulimnunulia TV na king'amuzi baada ya kuuza korosho, sasa ni mwaka wa nne. Inawashwa asubuhi, inazimwa akienda kulala: tamthilia, filamu za majambazi, habari. Siku hizi hataki wajukuu watumwe dukani, na milango anaifunga kabla ya magharibi. Anasema mji umejaa wauaji. Ni TV au ni umri?
*Msomaji, Mikindani*

Huenda ni vyote viwili, kwa hiyo msimhukumu mama kabla hamjapima.

Swali lenu ndilo lililomshughulisha George Gerbner, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, yeye na wenzake walirekodi vipindi vya TV na kuhesabu nani anampiga nani, kisha wakawahoji watazamaji kuhusu maisha yao wenyewe. Swali mojawapo lilikuwa hili: katika wiki moja, uwezekano wa wewe kukumbwa na ukatili ni 1 kwa 10 au 1 kwa 100? Waliokaa mbele ya TV saa 4 au zaidi kwa siku walichagua 1 kwa 10 mara nyingi zaidi kuliko waliokaa saa 2 au pungufu. Gerbner hakusema filamu moja humgeuza mtu. Alisema ni marudio ya miaka, picha zilezile zikija kila jioni mpaka mtazamaji aone ndivyo dunia ilivyo.

Wenzake walimbana, na walikuwa na hoja. Mwaka 1980 Paul Hirsch na Michael Hughes walizipitia upya takwimu hizo. Walipozingatia kwa pamoja mambo kama umri, elimu na kipato, tofauti ilipungua sana. Mwaka 1979, Doob na Macdonald walikuwa wameonyesha huko Toronto kwamba mtaa unaoishi una uzito wake: mwenye kuishi penye uhalifu anaogopa, na kwa kuwa anaogopa kutoka, anabaki ndani na TV. Michael Morgan na James Shanahan walikusanya tafiti za miaka 20 na kuchapisha matokeo mwaka 1997. Wastani wa uhusiano kati ya saa za kutazama TV na namna mtu anavyoiona dunia ulikuwa kama 0.09, kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna kabisa na 1 ni uhusiano kamili. Ni mdogo, lakini upo, na unajirudia.

Basi anzeni na mtaa. Je, mwaka huu nyumba ya jirani imevunjwa? Mama ana ndugu upande wa mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji? Kijiji cha Kitaya, hapahapa Mtwara, kilishambuliwa Oktoba 2020, na mtu aliyeguswa na jambo kama hilo ana sababu ya kuogopa isiyotoka kwenye king'amuzi. Kwa mtu huyo TV haianzishi hofu, inaikoleza. Kama mtaa umetulia na hofu imekua pamoja na saa za kutazama, hapo TV inahusika.

Njia ya kumsaidia iko kwenye namna kumbukumbu inavyofanya kazi. Mtu akiulizwa jambo kwa haraka, akili inatoa kile kinachokuja upesi, haikagui kimetoka wapi. Watafiti akina L. J. Shrum waliona kwamba watu wakikumbushwa kiasi cha TV wanachotazama kabla ya kuulizwa, makadirio ya watazamaji wakubwa yanashuka, kwa sababu wanaanza kuchuja. Kwa hiyo mama akisema "watu wanachinjwa siku hizi", usimbishie. Muulize kwa upole: "Mama, hilo lilitokea mtaa gani?" Mwache akumbuke mwenyewe kama ni Mikindani au ni kwenye filamu ya juzi.

Halafu andikeni kwa siku 7 TV inawaka saa ngapi, na kati ya hizo ni ngapi ameketi anatazama kweli. Mkishajua, punguzeni kipindi kimoja kwa wiki, mkianza na kile kinachowaka tu bila mtu kukichagua. Habari za usiku zihamie mapema, mbali na saa ya kulala. Kosa linaloharibu kila kitu ni kuficha rimoti. Kwa mzee anayeshinda peke yake TV ni mwenzi, na ukiiondoa bila kuweka mtu mahali pake unamwachia upweke pamoja na hofu ileile. Jazeni saa hizo kwa baraza ya jirani, kuchambua mbaazi na wajukuu, kwenda sokoni mchana naye akitembea kwa miguu yake. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko mengine yote, maana anauona mji wenyewe.

Nafundisha sekondari wilaya ya Nachingwea. Nataka wanafunzi wapime wenyewe kama TV inabadili namna mtu anavyoiona dunia. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Nachingwea*

Mwalimu, anza na dodoso, siyo na kuhesabu vipindi. Wakishahesabu watakuwa wameerevuka na majibu yao hayatafaa. Uliza, kwa mfano: "Kati ya watu wazima 100 wa wilaya yetu, wangapi ni askari, mawakili au madaktari?" Acha nafasi wazi waandike namba. Dodoso la Gerbner lilitoa majibu mawili tu, na hilo humsukuma mtu upande mmoja. Swali la saa za kutazama TV liwe la mwisho kabisa kwenye karatasi. Likitangulia, mwanafunzi anashtuka na kujirekebisha, kama tulivyoeleza hapo juu. Karatasi zisiwe na majina.

Kisha hesabuni. Vikundi 7, kila kimoja jioni yake, saa 2 hadi saa 4 usiku, na vituo vibadilike. Kila mhusika anayezungumza apewe mstari mmoja daftarini: jinsia, umri wa kukadiria, kazi, amefanya ukatili, ametendewa ukatili. Kubalianeni mapema ukatili ni nini. Sisi tungesema kupiga, kuua, au kutishia kwa silaha, matusi yasiingie. Katika kila kikundi wawili wahesabu kipindi kilekile bila kuchunguliana. Wasipolingana walau mara 8 katika 10, maana mliyoweka ina mwanya, irekebisheni na kurudia.

Yanayoharibika mara kwa mara ni haya: mhusika wa tamthilia kuhesabiwa upya kila sehemu anapotokea, matangazo ya biashara kuingizwa, na kikundi kuchagua tamthilia wanayoipenda tu.

Mwisho, pitieni kaya 20 mfululizo kwenye njia moja na kuuliza kazi za watu wazima. Msihesabie sokoni, mtapata wachuuzi watupu. Linganisheni safu ya kazi. Katika tamthilia za Marekani alizohesabu Gerbner, wanaume walikuwa karibu 3 kwa mwanamke 1. Ninyi tafuteni ni wahusika wangapi wanalima korosho, ufuta au mbaazi, halafu tazameni kaya zenu 20.

Mchumba wangu anafuata tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa. Sasa anasema wanaume wa huku hatujui mapenzi, na anataka harusi ya ukumbi. Nimkataze?
*Kijana, Masasi*

Usimkataze, ndugu yetu. TV haipandi hofu peke yake. Robert Jensen na Emily Oster walifuatilia vijiji vya India vilivyoanza kupata TV ya kebo, na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba wanawake wa huko walipunguza kukubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke. Brazili nako, maeneo yaliyofikiwa na tamthilia za kituo cha TV cha Globo, ambazo wahusika wake wakuu wa kike wengi hawakuwa na mtoto au walikuwa na mmoja, uzazi ulipungua. Kwa hiyo huenda analolitaka mchumba wako ni jambo jema alilolijua kupitia kioo.

Tazameni sehemu moja pamoja, mkiwa na karatasi. Andikeni kila inapoonekana pesa ikilipwa, chakula kikipikwa, mgonjwa akiuguzwa. Huenda karatasi ikabaki karibu tupu. Kisha muulize ni kipi hasa kinamgusa: mwanamume anayemsikiliza mwenzake, au ukumbi? Kama ni kusikilizwa, anza leo. Kama ni ukumbi pia, pigeni hesabu zake baada ya minada ya korosho, mkiwa na fedha halisi mkononi.