Kung'arisha Meno Baada ya Miaka 60: Niliyojifunza kwa Fizi Zangu Mwenyewe

Mwaka niliostaafu ualimu, binti yangu wa mwisho alikuwa anajiandaa kuolewa. Jioni moja tulikaa sebuleni kwangu Buruburu, Nairobi, tukichagua picha za ruracio, sherehe ya mahari ya Kikuyu, za kutia kwenye albamu, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo kioo cha bafuni kilikuwa kimenificha kwa miaka mingi. Katika kila picha niliyocheka, meno yangu yalikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa mezani. Jino moja la mbele lilikuwa limegeuka kijivu, na jirani yake, ambalo lilikatika katika ajali ya matatu miaka 11 iliyopita na kufunikwa kwa krauni ya kauri, lilikuwa jeupe peke yake kama shati jipya lililosahaulika kati ya mitumba. Krauni ile ilipowekwa ililingana na meno mengine barabara. Haikuwa imebadilika hata kidogo. Ni mimi niliyekuwa nimebadilika kuizunguka.

Tangu nilipoyashughulikia meno hayo, wenzangu kadhaa wa chama wamenivuta kando na kuniuliza, wengine wakiwa wameufunika mdomo kwa mkono, kama inafaa mtu wa umri wetu kufanya jambo hilo. Jibu langu ni kwamba inafaa, lakini swali hilo ni la pili. La kwanza ni kwa nini jino limebadilika rangi, na mtu aliyepita miaka 50 hawezi kulijibu mwenyewe mbele ya kioo.

Mimi sikujua hayo, kwa hiyo nilianzia mahali pasipofaa. Niliingia katika saluni moja katikati ya jiji, ghorofani, ambako msichana mchangamfu aliyevaa koti jeupe alinipaka jeli na kunielekezea taa ya bluu kinywani. Hakuniuliza natumia dawa gani, hakuzitazama fizi, na nilipotaka kujua nguvu ya ile jeli alinijibu, "Mama, ni ile ya kawaida." Nilipotoka, meno yalikuwa yameng'aa kiasi cha kunishangaza. Jioni hiyo fizi za juu zilikuwa na mabaka meupe yaliyowasha kama nimekula pilipili mbichi, na usiku meno yaliingia ganzi mpaka nikashindwa kunywa maji yasiyo na uvuguvugu. Baada ya siku chache mabaka yalipona, na mwangaza nao ukaondoka.

Baadaye daktari wa meno alinieleza kwamba meno yaliyokaushwa kwa muda mrefu huonekana meupe kuliko yalivyo, na yakinywa tena mate yanarudi karibu na rangi yake. Aliongeza kwamba kinachofanya kazi ni kemikali ndani ya jeli, na kwamba taa huongeza kidogo sana. Kemikali hiyo ni haidrojeni peroksidi, ambayo hupenya jino na kuvunjavunja chembe zenye rangi bila kukwangua chochote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, jeli yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali hiyo haiuzwi dukani kwa mtu yeyote. Kuanzia hapo hadi asilimia 6 ni lazima ipitie kwa daktari wa meno, naye ndiye anayetakiwa kusimamia matumizi ya kwanza. Nami nilikuwa nimelala kwenye kiti cha saluni nikipakwa kitu ambacho aliyekipaka hakukijua. Hapa kwetu Kenya, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno lina daftari la waliosajiliwa ambalo mwananchi anaweza kulitafuta kwenye intaneti. Ni kazi ya dakika mbili, na mimi niliyewahimiza wanafunzi kwa miongo mitatu wahakikishe majibu yao kabla ya kukabidhi karatasi, sikuifanya.

Daktari niliyemwendea hatimaye, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, alikataa kabisa kuzungumzia weupe siku ya kwanza. "Mama, tutafika huko," aliniambia, "lakini kwanza niruhusu niangalie kinywa chote." Aliangalia ulimi, mashavu kwa ndani, na mate. Aliponiuliza juu ya mate nilidhani ananitania, kumbe dawa ninayomeza kwa ajili ya shinikizo la damu ni miongoni mwa zile zinazoweza kukausha kinywa, na kinywa kikavu huozesha meno haraka, hasa pale fizi zinapokuwa zimerudi nyuma na kuacha mizizi wazi. Yangu ilikuwa wazi sehemu tatu. Ndizo sehemu zilizopiga kelele usiku ule.

Kisha akapiga picha ya eksirei ya lile jino la kijivu, na ikaonekana kwamba lilikuwa limekufa. Ajali iliyolikata jino la kwanza ilikuwa pia imekata mishipa ya damu ya kiini cha jino la pili, ile nyama laini ya ndani, bila kulivunja, likafa polepole bila maumivu yoyote, na kwenye ncha ya mzizi kulikuwa na kivuli cha uambukizo. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Kama jeli ya saluni ingefaulu, ningekuwa nacheka kwenye picha za harusi huku usaha ukijijengea makao juu ya mdomo wangu. Meno yanayogeuka rangi yote pamoja huwa na sababu za kawaida. Jino moja linalogeuka peke yake lina habari yake, na habari hiyo isikilizwe kabla ya kupakwa kitu.

Kuhusu hayo mengine, maelezo yake yaliniondolea aibu niliyokuwa nayo. Jino lina tabaka gumu la nje, enameli, linalopitisha mwanga, na chini yake lina dentini ambayo kwa asili ni ya manjano. Kadiri miaka inavyokwenda, enameli inalika na kuwa nyembamba, huku dentini ikizidi kunenepa kwa ndani, kwa hiyo manjano yanaonekana zaidi hata kwa mtu anayepiga mswaki mara tatu kwa siku. Juu ya hayo huja chai, kahawa, sigara na miraa. Chai nilikuwa nayo ya kutosha: miaka yote ile ya ualimu nilikunywa strungi kwenye chumba cha walimu, chai kavu isiyo na maziwa, na maziwa ndiyo yangeishika sehemu ya rangi ile kabla haijashika meno. Mwishoni kulikuwa na ukoga mgumu nyuma ya meno ya chini. Alipoukwangua na kuyasugua meno, akaleta kile kipimo chao chenye vipande 16 vya rangi mbalimbali na kuvipanga kando ya meno yangu, tukaona kwamba usafishaji peke yake ulikuwa umenipandisha rangi waziwazi. Ningemshauri mtu yeyote wa umri wangu asafishwe meno, kisha asubiri wiki mbili ajitazame upya. Huenda hamu ikaishia hapo, na gharama pia.

Hapa niseme neno kwa wenzangu waliokulia Nakuru, Naivasha, au kwenye mitaa ya Nairobi inayotegemea maji ya visima virefu, maana ndio wanaoniuliza zaidi. Meno yenye madoa ya kahawia tangu utotoni hayana uhusiano na uzee wala uchafu. Maji ya Bonde la Ufa yana madini ya floridi kwa wingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima vingi huko vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yanajengwa, doa huingia ndani ya enameli yenyewe. Jeli inaweza kulififisha doa hilo, lakini inaweza pia kuyafanya mabaka meupe yaonekane zaidi, na mara nyingine daktari hulazimika kutumia njia tofauti kabisa. Vivyo hivyo kwa waliopewa tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, wakiwa wadogo: mistari yao ya kijivu inaweza kuhitaji miezi, wala si wiki.

Turudi kwangu. Jino lililokufa lilitibiwa mzizi kwanza, kisha likang'arishwa kutoka ndani kupitia tundu lile lile la matibabu kabla ya kuzibwa. Bima ililipia matibabu ya mzizi na kukataa hayo mengine, jambo ambalo sikulilaumu. Kwa meno yaliyobaki, daktari alichukua umbo la taya zangu na kunitengenezea vifuniko laini vya plastiki vya kuvaa usiku, akanipa vibomba vya jeli ya kabamidi peroksidi ya asilimia 10. Namba hiyo isimtishe mtu, kwa kuwa ikiyeyuka kinywani hutoa haidrojeni peroksidi ya takriban asilimia 3.5 tu. Mbinu hii ya kuvaa kifuniko nyumbani ilielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1989, na kwa mtu mzee naiona bora kuliko haraka ya kiti na taa, kwa sababu moja kubwa: ikiuma unaiacha. Unatia jeli ya ukubwa wa punje ya mchele kwa kila jino, unafuta inayomwagikia fizi, unalala. Usiku wa nne ganzi ilinirudia. Daktari akaniambia niruke siku mbili, nitie ndani ya kifuniko dawa ya meno yenye potasiamu nitrati, inayotuliza ganzi, kwa nusu saa, kisha niendelee usiku mmoja baada ya mwingine. Kwa kawaida mzee hupata ganzi kidogo kuliko kijana, kwa kuwa kiini cha jino lake kimeshasinyaa; kinachomtesa ni mizizi iliyo wazi, na hiyo isipakwe kitu. Mizizi haipokei weupe kama sehemu ya juu ya jino, nami nina meno mawili ambayo hadi leo yana ukanda wa manjano karibu na ufizi. Mdomo wa juu huyafunika nisipocheka sana, na nimeamua kucheka sana.

Swali la kung'arisha hadi weupe gani ndilo wengi hawajiulizi. Jeli haibadilishi krauni, wala meno ya bandia, wala mahali palipozibwa, hata ungeipaka mwaka mzima. Mtu mwenye meno matatu ya bandia mbele, akiyang'arisha yaliyobaki bila kufikiri, atajikuta na kinywa cha rangi mbili, na kutengeneza upya yale ya bandia ni gharama nyingine kubwa. Kwangu mimi krauni ya zamani iligeuka kuwa kipimo: nilitakiwa kuifikia na kusimama. Niliifikia baada ya wiki tatu na siku kadhaa. Binti yangu alinisihi, "Mama, ongeza wiki moja tu, yawe meupe kabisa," nikakataa, na sikujuta, kwa sababu sura yenye mikunjo ya miaka 60 ikiwekewa meno meupe kama sahani ya kauri, watu hutazama meno wakasahau unachosema. Kama una kijazio cha mbele kinachohitaji kubadilishwa ili kilingane na rangi mpya, usikiweke mara moja. Subiri wiki mbili hivi baada ya jeli, rangi itulie na gundi ishike vizuri.

Najua wako wanaoniona nimepoteza pesa. Mmoja wa dada zangu alisema ningesugua makaa na ndimu kama watu wanavyoelekezana kwenye simu. Makaa hukwangua, ndimu huyeyusha, na vyote viwili vinaila ile enameli iliyokwisha kuwa nyembamba, ambayo mwili hauioteshi tena. Kwa hiyo baada ya muda dentini ya manjano huonekana zaidi kuliko mwanzo. Afadhali mswaki wa mti aliotumia mama yetu. Na dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, ambayo wengi huinunua wenyewe wakidhani inaleta usafi zaidi, ikitumiwa wiki nyingi huacha madoa ya kahawia, kwa hiyo iachwe kwa siku alizosema daktari tu.

Miaka miwili imepita tangu harusi. Rangi imerudi nyuma kidogo, kama nilivyoambiwa ingerudi, na krauni imeanza tena kujitenga kwa weupe wake. Vifuniko vyangu vimo kwenye kisanduku kabatini, na daktari amesema usiku mbili au tatu za jeli mpya zitatosha. Nimeweka miadi ya mwezi ujao, kusafishwa kwanza, kisha mizizi ile mitatu itazamwe, na akiridhika nayo ndipo atanipa kibomba.